Sikio la Kulia la Baba

Baba yangu alisaga mahindi pale Khayega tangu mwaka 1971 hadi 1994, na katika miaka hiyo yote mechi za kandanda za Leopards, au Ingwe, alizisikiliza kwa sikio moja. La kulia. La kushoto alikuwa ameliziba kwa pamba.

Kinu chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara ya Kisumu, kusini mwa mji wa Kakamega. Injini ya Lister ilikaa nyuma ya ukuta wa udongo, na mkanda mpana ulipita kwenye tundu la ukuta huo kuja kuzungusha mashine. Mashine ikishika kasi, hata mtu aliyekushika bega akikuita humsikii. Akina mama walipanga gorogoro zao za mahindi, ile mikebe ya kupimia, na kuongea naye kwa vidole: kimoja, saga mara moja; viwili, rudia unga uwe laini. Yeye alisimama pale mweupe kwa unga kuanzia kope hadi viatu, redio ndogo ya transista mfukoni mwa koti la kaki, waya mwembamba ukipanda shingoni hadi sikioni. Mara anacheka peke yake. Mara anapiga gunia teke, na foleni nzima inajua kwamba Leopards wamefungwa.

Mimi ni fundi. Nimetengeneza na kuuza iafoni, yaani visikizi vya sikioni, mjini Kakamega karibu miaka arobaini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni lile lile: fundi, ipi ni nzuri ya kusikilizia penye kelele? Wengi wanataka nitaje jina la kampuni. Jibu langu halijatoka kwenye jina la kampuni hata mara moja. Limetoka kinuni.

Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani ilikuwa Regency TR-1 ya Marekani, mwaka 1954. Sony ya Japani ikafuata mwaka 1955. Redio hizo zilipofika vijijini kwetu, nyingi zilikuja na kisikizi kimoja ndani ya boksi: kipande cha plastiki ngumu, kikubwa kidogo kuliko harage, waya mmoja, pini moja. Watu wengi walikitupa au wakawapa watoto wakichezee. Ukichomeka pini ile, spika inanyamaza, na redio iliyonunuliwa ili boma zima lisikie inakuwa ya mtu mmoja. Kwetu jambo hilo lilionekana ni uchoyo. Jirani alikuja jioni kusikiliza taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya. Utamwambiaje kwamba leo habari ziko sikioni mwa mwenye nyumba?

Mama ndiye aliyekikubali kwanza, kwa sababu ya betri. Zilikuwa Eveready zenye paka, zilizotengenezwa Nakuru, kwenye kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014. Spika hula umeme. Kisikizi kinaonja tu. Mama aliona kwamba wiki ambazo baba alisikiliza kinuni, betri zilichelewa kwenda kuanikwa juani juu ya mabati, jambo ambalo kila nyumba ilifanya ili kuzifufua kidogo. Akamwambia baba abaki na kidude chake.

Lakini kile kidude, kama kilivyotoka Japani, hakikufaa kinuni. Kilikuwa kigumu na cha duara, na sikio la mtu si duara. Kilining'inia tu mlangoni mwa sikio, huku mlio wa injini ukipita pembeni. Baba alifanya kile ambacho vijana wanakifanya hadi leo ndani ya matatu: akaongeza sauti mpaka mwisho. Mtangazaji akageuka mkwaruzo. Jioni baba alirudi nyumbani kichwa kinamvuma, na sisi tulimwambia kila kitu mara mbili.

Sijui ilimchukua muda gani kufikiria mpira. Ninachokumbuka ni kumwona jioni moja ameketi uani na kipande cha tyubu ya baiskeli, anakata kwa wembe kijipete chembamba, anakivalisha kwenye kisikizi, anajaribu, anavua, anakata tena. Alifanya hivyo labda mara saba. Alipomaliza, kisikizi kiliingia sikioni kikashika, kama kizibo kwenye chupa. Aliniita, akanivika, akazungusha kidude cha sauti hadi chini kabisa, karibu na pale redio inapozimika. Halafu akapiga debe tupu nyuma ya kichwa changu. Debe nililisikia kwa mbali, kama linapigwa ng'ambo ya mto. Mtangazaji nilimsikia pale pale, anaongea polepole, hana haraka.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Sijawahi kupata somo la umeme au la sauti lililonifaa zaidi ya lile.

Siku moja kile kisikizi kilitumika pasipo na kelele yoyote. Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, kinu kimefungwa. Asubuhi hiyo redioni ilisikika sauti ya Leonard Mambo Mbotela, sauti ile ile tuliyoizoea katika kandanda na katika kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana?, safari hii akisoma tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Wanajeshi walikuwa wamemlazimisha kulisoma. Baba alichomeka pini haraka. Alizunguka boma na waya shingoni, na kila tulipomtazama alitikisa kichwa, yaani bado. Iliposemwa kwamba jaribio limeshindwa, alichomoa pini ili tusikie wote. Tangu siku hiyo niliona watu wazima wengi zaidi mjini wakiwa na vidude vile masikioni usiku, wakitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwenye masafa mafupi. Uoga una njia zake za kufundisha watu vifaa.

Kelele za mashine Kakamega hazikuanzia kwenye vinu vya posho. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 dhahabu iligunduliwa hapa, wageni wakamiminika na mahema yao, na mgodi mkubwa uliobaki kwa muda mrefu kuliko yote ulikuwa Rosterman, uliofungwa mwaka 1952. Babu yangu alivunja mawe kule. Nilimjua akiwa mzee anayeongea kwa sauti kubwa mno, na tulidhani ni ukali. Haukuwa ukali. Alikuwa hajisikii. Hakuna aliyempa hata pamba.

Hata mtu anayehesabiwa kuwa baba wa visikizi vya kichwani hakuvitengeneza kwa ajili ya muziki. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, wa jimbo la Utah, aliwapelekea wanamaji wa Marekani visikizi vya kichwani alivyoviunda jikoni kwake, ili watu wa redio za melini wasikie ishara hafifu. Ilikuwa kazi tangu mwanzo: mtu yuko kwenye zogo, na kuna jambo dogo ambalo lazima alisikie. Starehe ilikuja baadaye, na ilipokuja ikasahau zogo.

Nilianza kazi mwaka 1986 chini ya mjomba wangu, aliyekuwa na meza ya kutengeneza redio karibu na steji ya mabasi. Wakati huo Walkman, ambayo Sony iliizindua mwaka 1979, ilikuwa imeanza kuonekana Kakamega shingoni mwa wanafunzi waliorudi likizo kutoka Nairobi. Visikizi vyake vilikuwa vya utepe wa chuma kichwani na vitambaa vya sponji nyembamba. Vizuri sana chumbani. Ndani ya basi havifai kitu. Sponji ile inapitisha hewa, na panapopita hewa panapita kelele. Mjomba alinituma kuzilehemu nyaya za visikizi hivyo zilizokatika, na kila nilipojaribu kazi yangu pale steji, makanga wakiita Kisumu, Kisumu, Mbale, Chavakali, nilikumbuka kijipete cha tyubu.

Nilimwonyesha mjomba. Alicheka kwanza. Halafu akaanza kuwakatia wateja wake wawili, dereva wa lori la miwa na mwanamke aliyefanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, na wote wawili walirudi kuomba cha sikio la pili.

Kilichobadilisha biashara yetu kabisa ni simu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilianza kuja simu ndogo zenye redio ya FM, na simu zile zilikuwa na tabia moja ambayo vijana wa leo hawaijui: redio haikuwaka bila kuchomeka iafoni, kwa sababu waya wa iafoni ndio uliokuwa antena. Watu waliofika mezani kwangu wengi hawakutaka kusikiliza kwa sikio. Walitaka waya. Mama wa mboga aliweka simu kwenye spika, akatundika iafoni juu ya mwavuli wake ili stesheni ishike, na vile visikizi viwili vikacheza na upepo juu ya nyanya siku nzima. Niliuza iafoni nyingi mno miaka ile, na ninakiri kwamba nyingi hazikustahili kuwekwa sikioni. Zilifaa kwa waya wake tu. Wachuuzi wakaingia na zao, shilingi hamsini hadi mia, majina makubwa yameandikwa kwenye karatasi na ndani hamna kitu. Hapo ndipo watu wetu walipozoea kwamba iafoni ni kitu cha kuvunjika baada ya wiki mbili.

Na mazoea mabaya zaidi yalitoka kwenye matatu. Tulianza kupima ubora wa sauti kwa kishindo. Mteja anavaa iafoni, anaweka wimbo wenye besi nzito, anaongeza mpaka mwisho, na ikimtingisha meno anasema, hii ni noma, funga. Anatoka pale ameshika kitu ambacho hakijamziba sikio hata kidogo.

Niseme basi ninavyochagua, maana mtu akija ninamfanyia hivi hivi.

Kwanza simwachi aweke wimbo. Namwambia avae na asicheze chochote, kisha aseme jina lake. Kama iafoni imeziba vizuri, sauti yake mwenyewe inamrudia nzito, kama anaongea akiwa ndani ya mtungi. Kama anajisikia vile vile alivyokuwa, mpira si saizi yake. Iafoni nzuri za kuingiza sikioni huja na mipira ya saizi tatu, na wengi hawafungui hata kile kimfuko. Wanavaa ya kati iliyokuja imevalishwa, halafu wanalaumu mashine. Masikio mawili ya mtu mmoja yanaweza kutaka saizi mbili tofauti. Yangu ni hivyo. Kuna pia ncha za sponji inayobonyea, unaiviringa kwa vidole, unaingiza, inafura polepole hadi inajaza tundu. Hizo huziba kuliko mpira, ila hushika uchafu haraka na lazima zibadilishwe. Wazo hili la kuziba tundu la sikio halikutoka kwa watu wa muziki. Iafoni ya Etymotic ER-4, iliyotoka mwaka 1991 na kuonyesha kwamba kisikizi kinaweza kuwa kizibo pia, ilibuniwa na watu waliozoea kutengeneza vifaa vya wasiosikia vizuri.

Pili, akishaziba, namwekea mtu anayeongea. Taarifa ya habari, mahubiri, chochote chenye maneno. Nasikiliza naye herufi s na sh. Iafoni mbovu huzichoma zikawa kama mafuta kwenye karai. Kisha namtoa nje, hadi pale pikipiki zinapowashwa, na kumwambia apunguze sauti mpaka maneno yaanze kupotea, halafu apandishe kidogo. Pale ndipo mahali pake. Kama pale ni zaidi ya nusu ya nguvu ya simu, tunarudi ndani kutafuta mpira mwingine au iafoni nyingine.

Waya nao una lake. Ukiugonga kwa kucha ukasikia ndo, ndo ndani ya sikio, utasikia hivyo hivyo kila unapotembea. Dawa ni kuupitisha nyuma ya sikio. Nazitazama pia sehemu mbili zinazokufa kwanza, shingo ya pini na pale waya unapoingia kwenye kisikizi. Pakiwa na mpira laini wa kuruhusu waya upinde, zitadumu. Watu wa boda boda sina biashara nao hapa: sitamuuzia mtu kizibo cha masikio mawili ili aendeshe katikati ya malori. Nimemzika jirani mmoja kwa sababu hiyo.

Siku hizi wanaulizia zile za Bluetooth zinazozima kelele kwa umeme. Zinafanya kazi kweli, wala si uganga. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936 kwa wazo kwamba wimbi la sauti linaweza kufutwa kwa wimbi jingine lililogeuzwa. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa ndani ya ndege akitoka Zurich, alichoshwa na mvumo wa injini uliomharibia muziki, akaanza kupiga hesabu pale pale kitini. Mwaka 1989 kampuni yake ikauza visikizi hivyo kwa marubani, na kuanzia mwaka 2000 abiria nao wakavipata. Leo maikrofoni na chipu ya kazi hiyo vinaingia kwenye kisikizi kinachokaa ndani ya sikio.

Lakini mtu wa Kakamega anahitaji kujua vinazima kelele gani. Hapa tuna mfano wetu. Katika isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ngoma hupigwa tatu: baba, mama na mtoto. Palipo na isukuti usiku, ukiwa umelala na madirisha yamefungwa ng'ambo ya bonde, unayemsikia ni ngoma baba. Mtoto na sauti za waimbaji vimebaki kule. Sauti nzito hupita ukutani. Sauti nyembamba huzuiwa. Basi mpira na sponji huzuia vizuri makanga, honi na vilio vya breki, na huzidiwa na mvumo wa injini. Umeme ni kinyume chake: hufuta vizuri mvumo mzito usiobadilika, wa basi la usiku la Nairobi, wa jenereta, wa kinu, na hushindwa na mtu anayepiga kelele ghafla. Anayetaka vyote lazima awe na vyote, na kizibo ndicho cha kwanza. Iafoni ya umeme isiyoziba, hata iwe ya shilingi elfu ishirini, itakuachia steji nzima ya Kakamega ndani ya kichwa. Ya waya ya shilingi mia nane inayokukaa vyema itaishinda. Nimezijaribu zote mbili kwenye kiti kimoja cha matatu, kutoka hapa hadi Kisumu.

Sababu ya kuhangaika hivi si raha peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, zinabaki saa 4 tu. Kinu cha posho kwa kawaida kiko kwenye hizo 90 au zaidi, na anayetaka kukishinda kwa kuongeza sauti anajiongezea kelele juu ya kelele.

Mwaka 1996 nilimpeleka baba kupimwa masikio. Sikio la kushoto, lile la pamba, lilikuwa karibu limekwisha. Pamba haizuii mengi. La kulia lilikuwa limepungua, lakini alisikia nalo simu, alisikia nalo wajukuu, alisikia nalo kandanda hadi mwaka aliofariki. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni ule mpira wa tyubu. Masikio ya mtu yanaweza kuzeeka kwa mwendo tofauti. Ni haki yake kusema hivyo. Mimi nimeishi na mtu yule na ninaamini ni mpira.

Sheria ipo. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asikae kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika saa 24, na mwajiri ndiye anayepaswa kumpa vya kujikinga. Vinu nilivyoingia mwezi uliopita, kuanzia Lurambi hadi Shinyalu, vilikuwa vitano. Vijana wanne walikuwa na iafoni za wachuuzi, sauti mwisho. Mmoja hakuwa na kitu. Ninyi wenye vinu, vile vizibo vya sponji ya manjano havifiki bei ya gorogoro moja ya mahindi kwa jozi. Mnunulieni kijana wenu avae siku nzima, na akitaka kusikiliza kandanda, mleteni kwangu tumpimie sikio kabla hajanunua.

Kile kisikizi cha baba ninacho bado, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo chini ya meza, na kijipete chake cha tyubu. Mpira umekauka na kupasuka. Kisikizi chenyewe kinalia.